Shikamoo Baba, Nipo Huku Chini

Nimesikia. Yote nimeyasikia. Jana usiku nimepita barazani watu wakanyamaza ghafla, mmoja akajifanya anakohoa. Leo asubuhi muuza urojo kaniuliza, kwa heshima kabisa, ati ni kweli propela inanyoa vizuri kuliko wembe? Nikajua basi, yule rafiki yangu wa kazini (sie ni mafundi wa ndege) keshamwaga toleo lake la jinsi ndevu zangu zilivyokwenda. Simtaji. Mdomo wake unajitaja wenyewe.

Kwanza nikanushe. Sikunyolewa na propela. Aliyenyolewa na propela hakai akaandika. Betri ilikuwa imechomolewa, injini baridi, wala hapakuwa na roho iliyogusa ufunguo. Ndevu zangu zimekwenda na kebo ya throto, ile ya kuongezea na kupunguzia nguvu ya injini. Sikilizeni kwanza, halafu chekeni kwa haki.

Ile Cessna 206 mnaijua, ndege ndogo ya injini moja, ile kongwe ya miaka ya 1970 inayolala juani pale uwanjani Kisauni, hapa Unguja. Mbele ya rubani ina vishikio vitatu vya kusukuma na kuvuta: cheusi ni throto, cha bluu ni cha propela, chekundu ni cha kupimia mafuta na hewa. Nyuma ya kila kishikio kuna kebo, yaani waya ulio ndani ya ala yake. Unapita nyuma ya dashibodi, unatoboa faiwoli, lile bati linalotenga injini na miguu ya rubani, unakwenda kushika mkono mdogo kwenye injini. Kitu chenyewe ndicho hicho, hakuna kompyuta wala muujiza. Ila sisi tunaishi kwenye chumvi. Hewa ya kisiwani inaingia mle ndani ya ala, waya unashika kutu taratibu, mpaka ikawa rubani akitaka kuvuta throto anavuta kama anang'oa muhogo. Na waya ukija kukatika huko angani juu ya mkondo wa Pemba, utabaki na kishikio mkononi na injini inafanya itakalo. Kwa hiyo kebo zote tatu zikaagizwa Marekani, tukasubiri, tukasubiri tena, zikafika.

Sasa kuna ujanja wa kazi hii. Kebo kuukuu huichomoi hivi hivi. Nyuma ya dashibodi ya ndege ya zamani ni msitu wa nyaya na mabomba, ukiipoteza njia ndiyo umeipoteza. Unafunga mshipi wa kuvulia kwenye ncha ya upande wa injini, ndipo unaichomoa kebo kuingia kebini, na mshipi unaifuata. Halafu unaufunga mshipi kwenye ncha ya kebo mpya, unazungushia tepu, aliye upande wa injini anavuta polepole, na wewe ndani unaiongoza kebo isije ikajikunja. Mshipi niliununua Malindi ya hapa hapa Unguja kwa wavuvi, ule mnene. Asubuhi kebo ya kishikio chekundu ilipita mswano. Nikajiona fundi.

Tukaingia nyeusi.

Mkao wake ndio huu, na picha mliyotumiana haikusema uongo hapo. Viti vya mbele vimetolewa. Mie chali sakafuni, kichwa kimezama katikati ya pedali, uso unatazama tumbo la dashibodi. Mkono wa kushoto umepita nyuma ya pedali na hautoki mpaka mwili wote usogee. Mkono wa kulia unaongoza kebo. Tochi mdomoni. Miguu imechomoza nje mlangoni, bila viatu, maana viatu vinakwaruza. Soksi za kijani. Zishikeni kichwani hizo soksi.

Kule injini kasimama kijana wangu wa mazoezi, mtoto mzuri, mtiifu mno. Tumepatana: nikisema "haya," avute. Nikisema "wacha," aache. Mkataba mwepesi.

"Haya."

Akavuta. Kebo ikaja, fundo likapita mbele ya uso wangu, ncha ya tepu imebanduka kidogo. Niliiona. Niliiona kabisa, upande wake wa gundi ukinitazama. Ikagusa ndevu.

Ndevu hizi, kwa msiojua, nimezifuga tangu Ramadhani iliyopita. Mke wangu alikuwa ameanza kuzisifu mbele za watu.

Tepu ikashika. Nywele chache zikaingia, zikazivuta wenzao, zikajisokota na fundo la mshipi. Nikasema, "Wacha!"

Lakini tochi ipo mdomoni. Sasa wewe hebu jaribu, tia tochi mdomoni useme "wacha". Kinachotoka ni "aa-aa".

Na upande wa pili wa bati, "aa-aa" ni "haya".

Akavuta. Kidevu kikaanza safari. Nikapiga kelele, "Aa-aa! Aa-aa!" na yule mtoto, Mungu ambariki, akasikia fundi anamhimiza mara mbili, akakaza. Naiona faiwoli inakuja. Naliona lile tundu na mpira wake mweusi pembezoni. Naona fundo linaingia tunduni, na nyuma ya fundo naingia mie. Kidevu kikagota kwenye bati: ngo! Mshipi ukagoma. Upande wa pili nikamsikia anasema, "Fundi, imekwama, nivute kwa nguvu?"

Nisingeitema tochi pale, leo ningekuwa kipuri.

"WACHA!"

Akaacha. Kimya. Jasho linanitiririka kuelekea masikioni. Kidevu juu, shingo imepinda, nusu ya ndevu zimo ndani ya tundu la injini. Nikajisemea, hamna neno, hakuna aliyeona, atakuja kijana atanikata, yataishia humu.

Basi hapo ndipo abiria wa ndege ya Pemba walipotolewa.

Mnajua pale ndege ndogo abiria hupitishwa kwa miguu hadi ngazini. Nasikia viatu, nasikia mkoba unaburuzwa. Halafu nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti ya bosi wangu.

"Soksi hizi mbona nnazijua?"

Baba mkwe. Alikuja Unguja kututembelea, na kwa kuwa kusi linavuma na bahari imechafuka, kasema safari hii hapandi meli. Na soksi, ndiyo, ni zake. Alizianua kwenye kamba nyumbani kwangu? Hakuzianua. Nilizianua mie.

"Assalamu alaykum," akaziambia nyayo zangu.

"Waalaykumu salaam. Shikamoo baba."

Wallahi nimemwamkia mkwe wangu chali, miguu imemwelekea kifuani, kidevu kimefungwa kwenye ndege. Kama kuna adhabu nzito kuliko hiyo, waniwekee.

"Marahaba. Ah, ni weye! Wafanyani humo?"

"Natengeneza, baba."

"Mbona hutoki tukapeana mkono? Ndiyo naondoka hivyo."

Jamani. Nilitafuta neno. Uongo kwa mkwe sitaki, ukweli siuwezi.

"Kazi imenishika, baba."

"Mashaallah," akasema, na nikasikia amependezwa kwelikweli. "Ndiyo uanaume huo." Akakikamata kidole gumba cha mguu wangu, akakitikisa mara kadhaa, ndiyo mkono wenyewe huo. Kisha akamgeukia yule anayewaongoza abiria, akamwuliza polepole, lakini si polepole vya kutosha, "Na hii yetu imetengenezwa na huyu huyu?"

Sikusikia jibu. Nilisikia kucheka, na mlio wa simu inapiga picha, na huyo mwenye simu ndiye mnayemjua.

Wakaondoka. Kijana akaja na koleo la kukatia, akainama mlangoni, akamulika. Hakucheka. Natamani angecheka.

"Fundi, nikate mshipi au nikate ndevu?"

Na hili ndilo rafiki yangu analoliruka kila anapohadithia, kwa hiyo naliandika mwenyewe: nilifikiri. Mshipi ukikatwa, njia imepotea, tunaanza upya kutafuta tundu gizani. Nikamwambia, "Kata ndevu." Mwenye ujasiri huo na anyooshe mkono hapa chini.

Yaliyobaki ni kazi. Kebo ikapita, klampu zikafungwa, nati yenye meno ikaingia na pini yake ikapasuliwa. Tukasukuma throto hadi mwisho, mkono wa injini ukagota kwanza huku kishikio kikibakiwa na kijinafasi kabla ya dashibodi, kama inavyotakiwa, maana kishikio kikigota kwanza hujui kama nguvu yote imefika. Sasa unaisogeza kwa vidole viwili. Mwenye ndege kafurahi.

Ila kebo za injini haziishii kwa saini ya mtu mmoja, lazima wa pili akague kwa macho yake. Mkaguzi kaingia na tochi yake (mkononi, ana bahati), kakaa kimya mle ndani muda mrefu, katoka ameshika kitu kwa kibano.

"Hizi nywele," kasema, "zimo kwenye orodha ya vipuri?"

Kinyozi kanisawazishia zilizobaki, upande mmoja kazipunguza, upande mwingine kaziombea dua. Baba mkwe kafika salama, kampigia simu mwanawe kunisifu kwa bidii, na kuuliza soksi zitarudi lini.

Kesho tunaingia kebo ya bluu. Nimezipima kiooni: zilizobaki zinatosha kebo moja.