Mageuko ya Viumbe Yafundishwe kwa Nyanya za Ilula

Mwanafunzi wa sekondari Mbeya au Njombe hukariri habari za nondo, wadudu wa jamii ya vipepeo, wa Manchester, Uingereza. Moshi wa viwanda ulitia weusi magome ya miti, ndege wakawaona nondo weupe na kuwala, weusi wakabaki wakizaana. Ni mfano sahihi, na siombi ufutwe. Ninachosikitikia ni kwamba mtoto anaujibia mtihani kisha anauacha hukohuko, kama habari ya nchi ya watu, wakati uteuzi asilia, yaani wanaofaa mazingira kubaki na kuzaana kuliko wenzao, unaendelea kwenye shamba la wazazi wake.

Chukua kantangaze, nondo mdogo ambaye funza wake hushambulia nyanya. Asili ya mdudu huyu ni Amerika Kusini, na Tanzania aligunduliwa mwaka 2014. Ukifika Ilula, kwenye barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Morogoro, ongea na wakulima wa nyanya. Utasikia habari za dawa iliyofanya kazi vizuri mwanzoni, halafu ikagoma. Watakwambia wadudu wameizoea. Wanafunzi wangu huandika vivyo hivyo, na mwalimu asipite hapo haraka, kwa sababu kosa lote limekaa hapo.

Kantangaze aliyefikiwa na sumu inayomuua alikufa, hakupata nafasi ya kuzoea chochote. Lakini katika maelfu ya wadudu wa shamba moja, wachache walikuwa tayari na jeni (chembe za urithi) tofauti kidogo na za wenzao, tangu kabla mkulima hajabeba bomba mgongoni. Tofauti hiyo iliwawezesha kuihimili sumu. Jike mmoja huweza kutaga hata mayai 250, na kukiwa na joto la kutosha kizazi kimoja huchukua kama mwezi. Wenzao wamekufa, nyanya zote zimebaki zao, na watoto wao wamerithi jeni zilezile. Dawa ileile ikipigwa msimu baada ya msimu, shamba linajaa uzao wa waliosalimika. Jamii nzima ya wadudu imebadilika bila mdudu hata mmoja kubadilika maishani mwake. Sentensi hiyo mwanafunzi akiielewa, nadharia ya mageuko aliyoichapisha mwanasayansi Darwin mwaka 1859 ameishika kwa sehemu kubwa.

Mfano ninaoupenda kuliko wote uko ng'ambo ya mto Songwe. Malawi iliacha kutibu malaria kwa klorokwini mwaka 1993, kwa kuwa vimelea sugu vilikuwa vimetapakaa. Sisi tuliiacha mwaka 2001. Mjini Blantyre, vimelea vyenye badiliko la jeni linaloleta usugu vilikuwa takribani asilimia 85 mwaka 1992. Kufikia mwaka 2000 vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 13. Mwaka 2005 watafiti wakaijaribu tena klorokwini kwa watoto wenye malaria hukohuko Blantyre, nayo ikawaponya karibu wote.

Nawasihi walimu wenzangu wakae na jambo hili kipindi kizima. Usugu una gharama. Klorokwini ilipokuwepo, kimelea sugu kilifaidika. Ilipoondoka, kikabaki na mzigo usio na faida, na vile visivyo sugu vikakishinda kwa kuzaana. Kwa hiyo hakuna kiumbe kilicho bora kila mahali na kila wakati, na mageuko hayana kilele yanakokwenda. Mazingira yakibadilika, anayefaa naye anabadilika.

Ukilifundisha hilo vizuri, lile swali la kila mwaka, "Mwalimu, mbona nyani wa leo hawageuki watu?", linakosa nguvu. Mimi hulijibu kwa kipunji, kima wa milima ya kusini mwa Tanzania. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla wanasayansi hawajamwona mlima Rungwe mwaka 2003. Alipotangazwa mwaka 2005, kwa sura yake aliwekwa kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya kima wengine. Jeni zilipochunguzwa, zikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Hakuna anayesubiri kipunji ageuke nyani. Wote wawili wametokana na wazazi wamoja wa zamani sana, kila upande ukashika njia yake. Uhusiano wetu na sokwe ni wa namna hiyohiyo.

Wapo wanaoiruka mada hii kwa kuhofia wazazi na viongozi wa dini. Heshima hiyo naielewa, lakini mtoto anayenyimwa somo hili ndiye atakayemeza nusu dozi kesho, au kupiga dawa moja shambani miaka yote, bila kujua anachokikuza.

Swali langu la kumpima ningeliweka hivi: kwa nini mkulima wa nyanya anashauriwa kubadilisha dawa zinazoua kwa njia tofauti, badala ya kuongeza kipimo cha ileile? Atakayeeleza nani alibaki, nani alizaa, na watoto walirithi nini, apewe alama zote.