Presha Yangu na Mkuu wa Idara

Jamani, mwajiri akianza kukupenda ghafla, jihadhari. Barua imezunguka idara zote: wafanyakazi wote wa chuo tukapimwe magonjwa sugu, ukumbi mkubwa, asubuhi na mapema. Barua yetu ya nyongeza haijajibiwa mpaka leo, ila presha zetu wanazitaka haraka.

Sikukataa. Mimi ni mtu wa ofisi ya mitihani, mwenye heshima zangu; nikaenda nimechomekea. Kwanza semina. Daktari akatuambia kukaa sana ni hatari, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Maneno mazito. Tukayasikiliza asubuhi nzima, tumekaa.

Kiuno nilipimwa kwa utepe, tuyaache hayo. Sukari nikatobolewa kidole, basi.

Sasa njoo kwenye presha. Muuguzi, binti mpole, akanikalisha. "Baba, egemea. Usikunje nne. Mkono mezani. Tulia dakika 5, usiongee, ndipo nikupime." Nikatulia tuli. Mara mkuu wa idara huyo, sauti imemtangulia: "Mzee, matokeo ya mwaka wa tatu yako wapi? Seneti inakaa kesho!" Nikaweka kidole mdomoni. "Unaninyamazisha mimi?" Nitajieleza vipi, na kujieleza ni kuongea? Nikatikisa kichwa. Akaona nimemkatalia. Binti akatazama saa: "Tunaanza upya, baba."

Tukaanza upya. Mkuu hakuondoka, anasoma orodha ya wanafunzi wasio na alama, jina moja moja. Na mhadhiri mwenye alama hizo yuko nyuma yangu kwenye foleni, anakunywa soda, karatasi za mtihani bado ziko kwenye buti ya gari lake! Mashine inanibana mkono, uzalendo ukanishinda: "Muulize huyu!"

158 kwa 97.

"Baba, iko juu. Ikifika 140 kwa 90 tunaanza kuwa na wasiwasi."

"Mwanangu, hiyo si yangu, ni ya mkuu wa idara."

Akacheka. Akasema kipimo cha mara moja hakitoshi, nirudi siku nyingine. Kwa sasa chumvi isifike kijiko cha chai kwa siku, na nipunguze mawazo.

Chumvi sawa, kijiko nakiona. Mawazo yanapunguzwa dirisha gani? Fomu yake anasaini nani? Ofisini kwetu droo zina vidonge kuliko kalamu. Mama wa uhasibu anameza vya sukari, mlinzi vya presha, na wote tuliajiriwa tukiwa tunapanda ngazi mbio. Hivi haya magonjwa tulikuja nayo kutoka nyumbani?

Mkuu naye akapimwa. 118 kwa 76! Mtu anatugawia presha jengo zima, yeye mwenyewe hajabakiza hata kidogo.

Halafu vile viti vya plastiki. Ukumbi ule ulikuwa na viti vya mito, nilivipokea mwenyewe na kuvisainia. Nani kavihamisha, na kwa barua ipi?