Jina la Faili Umebadilisha Wewe, Sasa Wamlaumu Nani?

Hakuna kiumbe mchoshi Mombasa nzima kama mtu aletaye diski ya mchezo wa zamani inakiliwe kwenye kompyuta, akasema "niwekee ISO tu", yaani faili moja la nakala ya diski. PlayStation ya kwanza, ISO. Dreamcast, ile mashine ya michezo ya Sega, ISO. Mwambie haifai, atakutazama kama umemwambia feri ya Likoni kuanzia kesho hata waendao kwa miguu walipe.

Haya, yakhe, kaa tuhesabu. Sekta moja ya CD, yaani kipande kimoja cha data, ina baiti 2352. ISO yachukua 2048, zilizobaki yazimwaga. Kwa PlayStation 2 ya DVD hakuna neno, ISO yatosha. Lakini PlayStation ya kwanza ni CD, na michezo mingi muziki wake ni nyimbo za kawaida kabisa, zimepangwa nyuma ya data. Ungeziskiza hata kwenye redio ya CD. ISO haina pa kuziweka. Ndipo mbio za magari zinakuwa kimya kama msikitini wakati wa hotuba, na mtu anaenda kununua spika mpya!

Kitakiwacho ni BIN na CUE. BIN ndiyo shehena yenyewe. CUE ni maandishi machache tu ya kueleza BIN ni ipi na imepangwaje, ukiyafungua kwa Notepad waona:

FILE "mchezo.bin" BINARY
TRACK 01 MODE2/2352
INDEX 01 00:00:00

Sasa bwana mkubwa kaona "mchezo.bin" ni jina lisilo na heshima. Kaibatiza "Mpira wa Majengo.bin". CUE haikualikwa kwenye hafla hiyo, bado yatafuta "mchezo.bin", haiioni, emuleta (ile programu ya kuiga mashine ya mchezo kwenye kompyuta) yakataa. "Lakini jana ilifanya kazi!" Jana ilikuwa na jina lake, ndugu yangu. Fungua CUE, andika jina jipya katikati ya zile alama za kunukuu, hifadhi, kwisha. Tena uangalie Windows isikufiche mkia wa jina ukabaki na "mchezo.cue.txt", maana hapo hata mimi sikusaidii.

Anayechoka na ugomvi huo atumie chdman, programu ya kubana nakala ya diski iwe faili la CHD, aandike kwenye dirisha la amri:

chdman createcd -i mchezo.cue -o mchezo.chd

Yote yanakuwa faili moja, dogo zaidi, na hakipotei kitu. DuckStation, emuleta ya PlayStation ya kwanza, yaisoma CHD bila maneno. Ikiwa ni DVD, ni createdvd badala ya createcd. BIN uifute baada ya kujaribu CHD. Baada, si kabla. Kuna watu hufuta kwanza halafu ndio huuliza.

Na hiyo diski yenyewe mmeifanya nini? Imepanguswa kwa kanga iliyofutia mikono ya viazi karai, tena kwa kuzungusha, kama mtu anasaga unga. Futa kutoka tundu la kati kwenda nje, kwa kitambaa laini. Mkwaruzo unaokatiza njia ya data hula kidogo hapa na kidogo pale, na draivu ina hesabu zake za kufidia. Unaofuata mzunguko hula mfululizo, hapo hakuna cha kufidia. Halafu eti wailaza picha chini kwenye sakafu ya simiti, "nalinda upande unaong'aa". Walinda nini? Kwenye CD data iko chini ya ile picha hasa, na plastiki nene iko upande wa pili. Umekwaruza nyumba, umelinda ua. Ukifika kunakili, shusha kasi ya draivu iwe 4x au 8x. Kwa 48x diski chovu hutoa makosa tu.

Mwenye GameCube, mashine ya Nintendo, naye kaja na kidiski chake cha sentimita 8. Kwenye trei chaenea vizuri, wallahi, kama kilipimwa. Lakini data yake imepangwa vingine na draivu nyingi za kompyuta hazioni kitu. Mtafutie mwenye Wii, mashine ya Nintendo iliyofuata, ambayo huweza kuzisoma diski hizo.

Na ile michezo ya diski 3? Andika faili la M3U, orodha ya maandishi ya kuipa emuleta: kila mstari jina la CUE moja, au CHD, kwa mpangilio. Hataki, hizo ni kazi za wasomi. Basi saa nane za usiku mchezo unamwambia aingize diski ya pili, naye ameigeuza laptopu chini juu akitafuta tundu la kuingizia, na laptopu yenyewe haikuzaliwa nalo.