Usipandishe Solo, Shusha Rithim

Mpiga gitaa la umeme anayepiga rithim (kodi za kusindikiza) na solo katika wimbo mmoja anaijua ile sekunde ngumu. Beti imekwisha, solo inaingia, na kidole kidogo kinatafuta kitufe cha sauti kwenye gitaa wakati mkono huohuo unatakiwa kwenye nyuzi. Nimeshaipoteza noti ya kwanza ya solo kwa sababu hiyo zaidi ya mara moja, na iliniuma, kwa kuwa ndiyo inayomwambia msikilizaji ageuze sikio.

Wengi hununua pedali ya kuongeza nguvu. Ni nzuri, lakini amplifaya ikishafunguliwa mpaka inakwaruza, haina tena pa kupandia. Ukiisukuma inakwaruza zaidi, sauti inabaki palepale. Kwa hiyo naamini njia bora ni kinyume chake: panga sauti ya solo iwe ndiyo sauti kamili, halafu ishushe rithim kwa mguu. Kifaa cha kushusha unakijenga mwenyewe jioni moja, bila chipu wala transista.

Unahitaji kisanduku cha alumini, jeki mbili za milimita 6.35, swichi ya kukanyaga yenye miguu 6, potenshomita moja (kitufe cha kuzungusha kinachopunguza sauti) na rezista moja (kipande kinachozuia umeme kiasi). Miguu miwili ya katikati ya swichi ndiyo njia kuu: mmoja unapokea waya wa jeki ya kuingilia, wa pili unapeleka kwenye jeki ya kutokea. Miguu miwili ya upande mmoja iunganishe kwa kipande kifupi cha waya. Hapo sauti inapita moja kwa moja. Upande wa pili, mguu ulio jirani na wa kuingilia unakwenda kwenye ncha ya juu ya potenshomita, na ulio jirani na wa kutokea unakwenda kwenye mguu wake wa kati. Ncha ya chini inakwenda ardhi, yaani upande wa pamoja wa jeki zote mbili, kupitia ile rezista.

Potenshomita ndiyo inayowakosesha wengi. Michoro mingi huagiza ya kiloomu 500, na watu huinakili bila kuuliza kisanduku kitakaa wapi. Ukiifungua hadi inapogawa sauti nusu kwa nusu, potenshomita hiyo inakuwa kama kiloomu 125 mbele ya waya wa gitaa. Waya wa mita 5 una kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi umeme kidogo, ya takriban pikofaradi 500. Vikikutana hivyo viwili, sauti za juu zinaanza kukatwa karibu na hezi 2,500, na hapo ndipo ung'avu wa gitaa ulipo. Unashusha sauti, unapata gitaa lililofunikwa blanketi.

Mimi naweka kisanduku mwisho wa msururu wa pedali, baada ya distoshoni (pedali ya mkwaruzo), na natumia kiloomu 25. Hapo ukataji unahamia mbali juu ya hezi 20,000, nje kabisa ya uwezo wa sikio. Zaidi ya hilo, kikiwa kabla ya distoshoni hakishushi sauti sana, kinapunguza mkwaruzo. Kuna wanaoutaka ule usafi, lakini hiyo ni kazi nyingine. Kuna sharti moja tu: lazima pedali mojawapo iliyotangulia iwe na bafa, sakiti inayoipa sauti nguvu ya kubeba mzigo, inayofanya kazi muda wote. Bila hiyo, kiloomu 25 zitazibebesha pikapu za gitaa (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) mzigo zisioumudu, na sauti itafifia.

Kuhusu aina, nachagua yenye herufi B, ile inayopungua kwa hatua sawa, ingawa kwa sauti wengi husema A. Tunachotafuta hapa ni kushuka desibeli 3 hadi 6 tu. Kwa B peke yake, kabla ya rezista, desibeli 6 zinapatikana katikati kabisa ya mzunguko, kwa hiyo kuna nafasi ya kupima polepole. Kisha kati ya ncha ya chini na ardhi naweka rezista ya kiloomu 10. Hata kiatu kikigonga kitufe kikazunguka hadi mwisho, sauti inashuka desibeli 11 hivi, haizimiki.

Kwenye kulehemu usiwe na haraka, wala usikawie. Pasha mguu wa swichi kwanza, hesabu mpaka mbili, ndipo uguse lehemu kwenye mguu wenyewe, si kwenye ncha ya pasi. Lehemu iliyoshika hutambaa na kuukumbatia mguu. Ambayo haijashika hukaa kama tone la maji juu ya jani. Ukiuchoma mguu muda mrefu, plastiki ya ndani inalainika. Swichi yangu ya kwanza niliiharibu hivyo: ililia vizuri chini ya mguu, lakini sauti ilikuja nilipoikandamiza nusu tu.

Taa ukiitaka, nunua swichi ya miguu 9 na uongeze betri ya volti 9. Betri hiyo inawasha taa tu; ikiisha katikati ya onyesho, muziki unaendelea.

Kupanga kunafanyika na bendi nzima, si chumbani. Piga solo kwanza mpaka isikike juu ya ngoma. Kanyaga, piga kodi za beti huku mwimbaji akiimba, na uzungushe kitufe taratibu mpaka maneno yake yasikike yote bila yeye kupaza sauti. Hapo weka alama kwa tone la rangi ya kucha.