Uongo wa fundi cherehani unaanzia kwenye bei

Mwalimu mmoja aliingia kwenye fremu ya fundi ninayemfahamu pale Mwanjelwa, Mbeya, zikiwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya mdogo wake. Alikuwa na kitenge cha yadi sita, kipya, bado kimekunjwa. Alitaka gauni refu lenye bitana. Fundi akamwambia, "Elfu ishirini na tano, mwalimu."

"Dada, yule wa Kabwe kanitajia kumi na tano. Nifanyie basi kumi na nane, mimi si mteja wako?"

"Mteja wangu kabisa. Ndiyo maana nakutajia bei ambayo nikiipokea, Ijumaa ya wiki ijayo gauni lako liko tayari."

Kisha akachukua gauni lililokuwa limetundikwa ukutani, akaligeuza ndani nje. Mishono yote ilikuwa imepigwa overloki. Bitana ilikuwa imepindwa kwa mkono. Ubavuni alikuwa ameacha kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili. "Ukinenepa tunatoa hapa, huhitaji kununua kitenge kingine." Mwalimu akakipapasa kile kitambaa kwa muda, akashukuru, akasema anakwenda kufikiria. Alipotoka, mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akasema taratibu, "Huyu fundi siku hizi ana maringo."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Fundi asiyeshuka bei katika miji yetu hii, kuanzia Mbeya na Tukuyu mpaka Makambako na Iringa, huitwa mwenye maringo, au mwenye tamaa, au aliyesahau alikotoka. Anayeshuka huitwa mtu wa watu. Nadhani tumewapima vibaya wote wawili.

Wanaotetea kushusha bei wana hoja, tena za kweli. Fedha ya Nyanda za Juu Kusini inafuata shamba. Mvua zikianza kati ya Novemba na Desemba, pesa ya nyumba nyingi inaingia kwenye mbegu na mbolea, halafu Januari ada na sare za shule zinachukua iliyobaki. Inaanza kurudi mahindi yakishavunwa, mpunga wa Kyela na Mbarali ukishauzwa, kahawa ya Mbozi ikishapimwa. Mfuko wa Machi na mfuko wa Agosti ni mifuko miwili tofauti hata kama mwenye nao ni mmoja. Fundi wa Iringa mwenye wateja wa vyuo anaijua habari hiyohiyo kwa jina la bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi: likitoka kuna foleni, likichelewa kuna kimya. Na saa ya fundi haiwekwi ghalani. Akikaa mchana mzima bila kitambaa mezani, saa zile zimeoza, hakuna wa kumnunulia kesho. Sasa kwa nini asichukue kumi na tano kuliko kukosa?

Ongeza na mtumba, ambako gauni zuri linaweza kupatikana kwa bei isiyofika hata gharama ya bitana na zipu. Ongeza kijana aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA juzi, ambaye hana jina mtaani na hana njia nyingine ya kumfanya mtu amwachie kitambaa chake. Na kuna jambo ambalo vitabu vya biashara havilioni kirahisi: kupatana bei kwetu ni sehemu ya salamu. Anayekataa katakata kujadili anaonekana kama amekataa undugu.

Hayo yote nayakubali. Hata hivyo yanamwangalia fundi kama muuza mchele, na fundi si muuza mchele. Mwenye duka la mchele akishusha bei na wateja wakaongezeka, anaagiza gunia jingine. Fundi hana mahali pa kuagiza mkono mwingine.

Tuchukue namba za mfano ili hesabu ionekane. Gauni la bitana linashonwa kwa 20,000. Bitana, zipu, uzi, gamu ya kukazia kitambaa na umeme wa pasi vinakula 6,000. Pesa ya ufundi inabaki 14,000. Mteja akiomba apunguziwe 5,000, kichwani mwake ameomba robo ya bei. Lakini bitana haipungui kwa sababu mteja ni ndugu, wala zipu haipungui. Ile 5,000 yote inakatwa kwenye ile 14,000. Fundi anabaki na 9,000. Amepoteza zaidi ya theluthi ya ujira wake kwa kusema "sawa" mara moja.

Tuendelee. Alikuwa anashona magauni 20 kwa mwezi, anabaki na 280,000 kabla ya kodi ya fremu na msaidizi. Kwa bei mpya, ili abaki na karibu kiasi kilekile, inabidi ashone magauni 31. Tuseme gauni moja la namna hiyo, kuanzia kupima, kukata, kushona, kumjaribisha mteja na kurekebisha, linachukua saa nane. Magauni 20 ni saa 160. Magauni 31 ni saa 248. Kwa mwezi wenye siku 26 za kazi, hizo ni zaidi ya saa tisa na nusu kila siku mkono ukiwa kwenye kitambaa, umeme usikatike hata mara moja, asipate msiba, mtoto asiugue.

Mwezi wa namna hiyo haupo. Na hapo ndipo uongo unapozaliwa.

Angalia jinsi unavyokwenda. Jumatatu anapokea advansi ya mteja wa tatu. Sehemu ya pesa hiyo inanunua bitana ya mteja wa kwanza, ambaye advansi yake ilishakwenda kwenye kodi ya fremu. Mteja wa pili aliambiwa Alhamisi. Alhamisi akija anaambiwa zipu imegoma, njoo Jumamosi. Jumamosi anaambiwa umeme ulikatika. Wakati huo mteja wa nne ameshapimwa na ameshalipa, kwa sababu bila pesa yake gauni la wa pili haliwezi kukamilika. Kila siku fundi anauza saa ambazo tayari alishawauzia watu wengine. Sisi tukifika asubuhi ya sherehe na kukuta kitenge bado kimefungwa, tunasema mafundi ni waongo, kana kwamba ni tabia wanayozaliwa nayo. Wapo waongo kweli. Ila wengi ninaowafahamu hawakuanza kwa kusema uongo, walianza kwa kukubali bei isiyoweza kubeba tarehe waliyoitaja.

Yamenipata. Nilikwenda kwenye ndoa ya binamu yangu Tukuyu nikiwa na shati la kuazima, kaunda suti yangu ikiwa imebaki mjini vipande vipande, na alama za chaki juu yake. Nilimkasirikia sana yule fundi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokumbuka jinsi nilivyopatana naye bei siku ile: nilimshusha, nikamshusha tena, mpaka akatabasamu tu na kuangalia chini, akaandika vipimo vyangu. Tarehe ya harusi nilimpa mimi, na bei nilimpangia mimi. Sikujiuliza kama vitu viwili hivyo vinaweza kukaa pamoja.

Bei ndogo inaharibu na mengine yasiyoonekana haraka. Vile vidole viwili vya kitambaa ubavuni ndivyo vinavyoondoka kwanza, kwa sababu kuvipinda vizuri kunachukua muda. Halafu mkono wa gauni unapindwa kwa mashine badala ya sindano. Halafu mwanafunzi wa ufundi, aliyetakiwa kukaa pembeni akiangalia na kujifunzia kwenye vipande vya mabaki, anapewa gauni la mteja alimalizie peke yake usiku. Mwanafunzi hafundishwi, na gauni linarudi.

Sasa geuza hesabu. Fundi huyuhuyu apandishe mpaka 25,000. Vifaa ni vilevile 6,000, ufundi unakuwa 19,000. Wateja watano kati ya 20 wakimkimbia, anabaki na 15, na 15 mara 19,000 ni 285,000. Robo ya wateja wameondoka na yeye hajapungukiwa kitu. Amepata saa 40 ambazo hakuwa nazo. Saa hizo ndizo zinazomfanya aseme "Ijumaa" na iwe Ijumaa. Kwa hiyo yule mwalimu alipotajiwa 25,000, alikuwa anauziwa gauni pamoja na tarehe, na tarehe nayo ina gharama yake.

Kuna kona nyingine ambayo wengi hawaigusi, nayo ni kodi ya makadirio. Kodi hii kwa mfanyabiashara mdogo inaangalia mauzo, haiangalii faida. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alilipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4 kama ana kumbukumbu za mauzo, na 100,000 kama hana. Weka mafundi wetu wawili hapo. Wa magauni 31 kwa 15,000 anauza 5,580,000 kwa mwaka. Akiwa na daftari, kodi yake ni 47,400. Wa magauni 15 kwa 25,000 anauza 4,500,000. Kodi yake ni 15,000. Wanabaki na pesa ya ufundi inayokaribiana kwa mwezi, lakini aliyefanya kazi mara mbili ya mwenzake analipa kodi mara tatu, kwa sababu mzani unahesabu hata bitana na zipu zilizopita tu mikononi mwake. Na asiye na daftari alilipa 100,000 awe yupi kati ya hao. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na hapa huisha kwa namba inayojulikana kabisa.

Sisemi kila anayepandisha bei yuko sahihi. Yupo anayepandisha huku mishono yake ikifumuka kwenye gari kabla mteja hajafika ukumbini. Yupo, na huyu ananikera zaidi, anayempima mteja kwa macho kabla ya kumpima kwa tepu: akiona funguo za gari anataja 40,000, akiona kandambili anataja 15,000. Huyo anabahatisha tu, na siku wateja wake wawili wakikutana kwenye kikoba kimoja, jina lake limekwisha. Bei inayojiamini iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, isomwe na mwenye gari na mwenye kandambili.

Wala sisemi punguzo lifutwe. Kamati ya sendofu ikileta sare za akina mama kumi wa kitenge kimoja, kuna nafuu ya kweli: uzi wa overloki, zile koni tatu au nne, haubadilishwi tangu gauni la kwanza mpaka la kumi, na mshono ni mmoja. Nafuu hiyo fundi anaweza kuigawana na wateja bila kujiumiza. Vilevile mwezi wa Machi, meza ikiwa tupu, anaweza kusema wazi kwamba atakayeleta kitambaa sasa na kukubali kusubiri, bei yake ni nafuu. Anachokipunguza hapo kina sababu, na mteja anaijua. Na kwa mwenye pesa pungufu lipo jibu la heshima: "Elfu kumi na nane inawezekana, tukitoa bitana, na zipu ukaleta mwenyewe." Kazi imepungua ndipo bei ikapungua.

Ninachoogopa ni sauti. Wasikilize mafundi wetu, hasa akina dada waliojiajiri karibuni, wanavyotaja bei. "Elfu ishirini… lakini tutaongea." Bei yenye "lakini tutaongea" nyuma yake imeshashuka kabla mteja hajafungua mdomo. Anayeitaja hivyo anaijua kazi yake vizuri kabisa. Anachoogopa ni kuitwa yale majina niliyoyataja mwanzo. Na majina hayo tunayatoa sisi, wateja, tukiwa tumekaa kwenye benchi lake.

Yule mwalimu alirudi siku ya pili. Hakueleza kilichomrudisha, naye fundi hakumuuliza. Alitoa kitenge, akapimwa, akalipa nusu. Ijumaa iliyotajwa nilikuwepo. Gauni lilikuwa limetundikwa, limepigwa pasi, karatasi yenye jina lake imebanwa kwa pini begani. Akalijaribu, likamkaa. Alipokuwa analikunja akauliza kama fundi anaweza kumshonea na mwanawe gauni dogo kwa kitenge kilichobaki, walivae siku hiyohiyo ya sendofu.

Fundi akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari. "Kesho imejaa, mwalimu. Jumatatu nina nafasi ya asubuhi. Mlete mtoto nimpime, nikuandike?"