Mbao za nyumba ya shamba zisiishie mafigani

Mwezi uliopita niliwakuta vijana watatu juu ya paa la nyumba ya zamani ya shamba la kinkina, mti ambao maganda yake hutoa dawa ya malaria, huko milimani Kabare, mashariki mwa Kongo, wakiibomoa kwa shoka. Nyumba hiyo haijakaliwa tangu vita vya 1996. Boriti ya mti wa libuyu yenye urefu wa zaidi ya mita tano ilikatwa vipande mbele ya macho yangu, iuzwe kama kuni za kuchomea matofali. Niliumia sana, na hadi leo sijatulia.

Mbao nyingi tunazouziwa Bukavu bado ni mbichi: fundi akitengeneza mlango wakati wa masika, kiangazi hakimalizi mwezi kabla mlango haujapinda na kuachia nafasi fremuni. Boriti iliyokaa miaka zaidi ya arobaini chini ya paa imekwisha kusinyaa kadiri ilivyopaswa kusinyaa. Niliwanunulia vijana wale kipande kimoja kilichosalimika, nikampelekea seremala jirani yangu. Alipitisha sumaku, akang'oa misumari saba iliyoliwa na kutu, kisha akapiga randa, na chini ya ule weusi wa moshi ikatokea rangi nyekundu ya kahawia, iliyokolea kana kwamba mti umepasuliwa jana. Kuchoma mbao kama hiyo, huku miti mipya ikikatwa hata ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ni hasara isiyo na sababu.

Kwa hiyo naunga mkono kuvuna mbao za nyumba hizi, mradi kazi ifanywe kwa mpango: kuanzia juu kushuka chini, kwa mtaimbo na si kwa shoka, na kuacha kila mbao inayomwaga unga laini, kwani humo mna dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao, watakaohamia kwenye samani zako. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, basi zisichomwe wala kusuguliwa zikiwa kavu, na mabati ya asibesto yasivunjwe hata kidogo, kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu.

Lakini sikubali kauli ya "nyumba haina mwenyewe". Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na anayeitumia huitumia kwa haki aliyopewa. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Novemba, Rais Mobutu alitangaza hatua zilizohamisha mashamba mengi ya wageni kwenda mikononi mwa Wazaire, kama tulivyoitwa Wakongo wakati huo. Ndiyo maana nyumba iliyofunikwa na majani hadi madirishani inaweza kuwa na wadai watatu, kila mmoja na karatasi yake. Yafaa kuanzia kwa mwami, yaani chifu wa jadi, na ofisi ya hati za ardhi, na kupata makubaliano yaliyotiwa saini, kabla ya kung'oa msumari wa kwanza.

Kuhusu vitu vidogo nina msimamo mkali zaidi. Wanunuzi kutoka mjini huulizia simu za zamani za kuzungusha kwa mkono, taa za karabai, mizani ya shaba. Katika ghala la nyumba ile, sisi tulikuta kisanduku cha bati chenye kadi za wafanyakazi waliobandua maganda ya kinkina: jina, kijiji, siku alizofanya kazi, na chini kabisa alama ya kidole gumba kwa wino uliofifia. Mbao na ziuzwe, hata mizani ikiwa wenye haki wameridhia, ila kadi hizo ni za familia za pale, na kuziuza kwa mkusanyaji wa vitu vya kale ni kuuza jasho la wazee wao kwa mara ya pili.

Tulikubaliana na mzee wa kijiji kwamba kisanduku kikae kwake. Jumapili iliyopita alifika mama mmoja mkongwe, akaketi juu ya kigoda, akaomba asomewe majina yote, moja baada ya jingine. La baba yake lilikuwa katika kadi ya kumi na tisa. Hakuomba kuichukua, aliweka kidole gumba chake juu ya alama ile, akakiacha hapo kwa muda.