Kamati ya harusi tunayo, ya afasia hatuna

Juzi duka la dawa hapa Reading, Uingereza, foleni ilisimama. Mzee mmoja wa Kiingereza alimpa dada wa kaunta kadi ndogo imeandikwa kwamba amepata kiharusi, ana afasia, yaani ubongo umeumia na maneno yanamgomea, anaelewa anachoambiwa, anaomba apewe muda. Yule dada akaacha kompyuta yake, akamtazama usoni, akamwekea pakiti mbili mbele aoneshe kwa kidole. Nyuma yetu hakuna aliyeguna. Nilitoka pale nina furaha na hasira, na hasira ndiyo imenikalisha niandike.

Hasira yenyewe ni ya baba mdogo wangu, Morogoro. Kiharusi kilimlegeza upande wa kulia na maneno yakakatika. Hospitali wakampa dawa za presha, wakamfundisha kunyoosha mguu, wakamruhusu. Kuhusu kusema, hakuna aliyetuambia lolote. Nyumbani ukimwamkia anaitikia "marahaba" safi kabisa. Alhamdu anaisoma mpaka mwisho. Muulize anataka chai au uji, anajibu "marahaba", halafu anajipiga paja kwa uchungu, maana anajisikia mwenyewe kwamba alichotoa mdomoni sicho alichokusudia. Ndugu wakagawanyika. Wako waliosema akili zimeruka. Wako waliosema anaigiza, mbona kusali anaweza? Na wa tatu mnawajua, walishaanza kuulizia mganga.

Kumbe ni hali inayofahamika vizuri. Ubongo ukiumia upande wa kushoto, yale tuliyoyakariri toka utotoni, salamu, sala, kuhesabu, nyimbo, mara nyingi hubaki, na sentensi ya kujitungia ndiyo inayogoma. Karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi hupata afasia. Na kwetu kiharusi si haba: watafiti waliofuatilia wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 walikuta Dar, baada ya kusawazisha tofauti za umri, zaidi ya wagonjwa wapya 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Sasa jiulize katika mtaa wako wangapi wamefungiwa ndani wakiitwa mabubu.

"Haya, keshapanda ndege, keshaanza kutudharau." Sidharau mtu. Hata hapa Uingereza mgonjwa akitoka hospitali anaweza kusubiri sana kumpata mtaalamu wa usemi, na akimpata vipindi ni vichache. Wengi wanakaa peke yao, hawana hata wa kumwambia hilo "marahaba". Baba mdogo hajawahi kulala bila mtu pembeni, na kila jioni barazani wazee wanamwekea kiti chake. Hilo Waingereza wanalitafutia watu wa kujitolea, sisi tunalo bure, na najivunia.

Ila kitu kimoja wametuzidi, nacho ni kumsomesha mtu wa kuishughulikia shida. Robin, Marquess of Tavistock, lodi mmoja wa Kiingereza, alipata kiharusi 1988 kikamwachia afasia. Mwaka 1992 familia yake ikaanzisha mfuko, Tavistock Trust for Aphasia, unaogharamia utafiti na kuwatuza wanafunzi wa tiba ya usemi wanaofanya vizuri katika afasia. Mtasema yule ni bwanyenye. Ni kweli. Lakini sisi tunaokusanya mamilioni ya ukumbi, keki na sare za kamati kwa wiki chache tu, hela hatuna au hatujaamua?

"Hospitali ya wilaya haina hata CT scan, wewe unaleta habari za matamshi!" Hoja hii inaniudhi kuliko zote, maana kazi hii haingoji mashine. Inataka mtu aliyesoma, kalamu, picha na subira. Na picha zenyewe lazima azichore mtu wa kwetu. Kipimo maarufu cha Boston cha kutaja majina ya vitu kina picha 60, na mojawapo ni nyumba ya barafu. Mzee wa Kilosa akishindwa kuitaja utaandika nini kwenye faili? Kiswahili nacho kinabeba mambo mengi ndani ya kitenzi kimoja: nani, lini, kwa nani. Mgonjwa akisema "pika" tu badala ya "nilimpikia", kapoteza kipande kipi, na arudishiwe kipi kwanza? Jibu halitatoka Reading. Litatoka kwa mwanafunzi anayekaa wodini Morogoro au Mombasa na kinasa sauti, na mwanafunzi huyo anahitaji ada, nauli na msimamizi. Makerere walianza kufundisha tiba ya usemi 2008, kwa hiyo msiniambie Afrika Mashariki haiwezekani.

"Basi tuma wewe uliyeko huko." Natuma. Kikundi chetu cha Watanzania hapa kimezoea kuchangia misiba, na nimepeleka hoja tulipe ada ya mwanafunzi mmoja wa tiba ya usemi mpaka amalize. Sharti ni kwamba utafiti wake aufanye kwa Kiswahili, na kipimo atakachotengeneza hospitali za mikoa zipewe bure. Mwenyekiti anasema kwanza tumalize deni la ukumbi wa sherehe ya mwaka jana. Nimemjibu kwamba sikubali, na kikao kijacho nitaisimamia hoja hiyo hiyo. Wenye mfano wa chama kilichowahi kusomesha mtu nyumbani, nielezeni mlivyozitunza fedha, maana swali hilo ndilo nitakaloulizwa kwanza.